Raundi 11 na hakuna anayetolewa: mashindano ya sataranji ya kimataifa yanavyokwenda

Oktoba 2019 wachezaji 154 wa sataranji walikusanyika kwenye kisiwa cha Man, katika Bahari ya Ireland, wakacheza raundi 11, na hakuna hata mmoja aliyetolewa njiani. Mwishoni Wang Hao wa China na Fabiano Caruana wa Marekani walikuwa na pointi 8 kila mmoja. Hawakuchezeshwa mchezo wa kuamua. Ubingwa akapewa Wang Hao.

Isimulie habari hii kwenye baraza lolote la Mji Mkongwe, maswali yatakuja kabla kahawa haijamiminwa. Watu 154 wamekutanaje kwa raundi 11? Kama hawakukutana wote, hiyo ligi gani? Kama hakuna aliyetolewa, huo mtoano gani? Na hao wawili waliolingana, kwa nini wasichezeshwe mmoja wa kumaliza ubishi? Ni maswali ya haki kabisa, na yanastahili kujibiwa vizuri, kwa sababu kila yanapotajwa mashindano ya sataranji visiwani kwetu mazungumzo hukwama hapo hapo.

Tuanze na yaliyo mepesi. Sataranji, au chesi kama vijana wengi wanavyoita, huchezwa na watu wawili kwenye ubao wa miraba 64, kila mmoja na kete 16. Lengo ni kumbana mfalme wa mwenzako asiwe na pa kwenda. Anayeshinda anapata pointi 1, anayeshindwa hapati kitu, na wakitoka sare kila mmoja anapata nusu. Hakuna mabao ya kuhesabu wala tofauti ya mabao, na jambo hili litatusumbua baadaye.

Mashindano hayawi ya kimataifa kwa sababu tu wamekuja wageni. Yanakuwa hivyo yanapoandikishwa kwenye Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, lililoanzishwa Paris mwaka 1924, yakasimamiwa na waamuzi wanaotambuliwa, na matokeo yake yakapelekwa huko kuingizwa kwenye viwango vya wachezaji, yaani namba zinazokadiria uwezo wa kila mmoja. Tanzania ni mwanachama, na Mzanzibari anacheza chini ya bendera hiyo.

Si ligi, si mtoano

Sisi tumelelewa na mpira, na mpira umetufundisha njia mbili. Kwenye ligi kila timu hukutana na kila timu. Kwenye mtoano, kama hatua za mwisho za Kombe la Mapinduzi, anayefungwa anafunga virago. Sasa weka wachezaji 100 wa sataranji ukumbini. Ukitaka kila mmoja akutane na kila mmoja, ni raundi 99 na michezo 4,950. Mchezo mmoja kwa siku, unamaliza baada ya miezi mitatu na zaidi. Ukitumia mtoano, watu 50 wanaondoka siku ya kwanza, na huenda mmoja wao amesafiri kutoka Lusaka kwa nauli yake mwenyewe.

Njia ya tatu inaitwa mfumo wa Uswisi, kwa kuwa ulitumika kwanza mjini Zürich mwaka 1895. Kanuni yake ni moja: kila raundi unacheza na mtu mwenye pointi sawa na zako, au zinazokaribia, na hamkutani mara mbili. Basi.

Fikiria chuo cha Kurani cha mtaani. Mwalimu hamfukuzi mtoto aliyekosea. Anawakalisha kwa walipofika: wa juzuu amma pamoja, waliopanda tabaraka pamoja, wa alifu na bee pembeni yao. Anayefuzu anasogea kwa waliomtangulia, anayekwama anabaki na aliokwama nao, na kesho wote wanarudi. Ukumbi wa mfumo wa Uswisi ni hivyo. Walioshinda raundi ya kwanza wanakutanishwa wao kwa wao raundi ya pili, waliotoka sare wao kwa wao, walioshindwa wao kwa wao. Kadiri raundi zinavyokwenda, wenye nguvu wanajikusanya meza za juu na kila mtu anamkuta wa kiasi chake.

Na hesabu inakubali. Watu 100 wakianza, walioshinda kila mchezo hawazidi 50 baada ya raundi ya kwanza, 25 baada ya pili, halafu 13, 7, 4, 2, na baada ya raundi ya 7 hawezi kubaki zaidi ya mmoja aliyeshinda michezo yote. Sare zinaichanganya kidogo hesabu hii, ndiyo maana mashindano makubwa huenda raundi 9 au 11. Lakini badala ya michezo 4,950, raundi 9 zina michezo 450 tu, na hakuna aliyerudishwa nyumbani.

Raundi ya kwanza, ambapo kila mtu ana sifuri, wachezaji hupangwa kwa kiwango kutoka juu mpaka chini, kisha orodha inakatwa katikati. Wa 1 anacheza na wa 51, wa 2 na wa 52. Kwa hiyo kijana wa Chake Chake aliyejiandikisha kwa mara ya kwanza anaweza kujikuta siku ya ufunguzi amekaa mbele ya mtu aliyekuwa akimtazama kwenye simu. Hakuna aliyemwonea. Ndivyo orodha inavyokatwa.

Hapa pana tuhuma niliyoisikia mara nyingi: kwamba mwamuzi ndiye anayempangia mtu wake mpinzani mwepesi. Kwenye mashindano yaliyoandikishwa, upangaji hufanywa na programu ya kompyuta inayofuata kanuni zilizoandikwa na zilizo wazi kwa kila mtu. Inaangalia pointi, inaangalia nani ameshakutana na nani, na inaangalia rangi, kwa sababu mwenye kete nyeupe anaanza na kuanza ni faida. Kwa kawaida humkuti mtu amepewa nyeusi mara tatu mfululizo. Mwamuzi anaingiza matokeo na kubandika karatasi ukutani. Mwenye shaka anaweza kukaa na kanuni zile akaipanga raundi mwenyewe kwa mkono, na jibu litatoka lile lile.

Pointi zako umezitoa kwa nani?

Hili ndilo linalopotosha watu wengi. Jedwali la sataranji linafanana na la ligi, kwa hiyo tunalisoma kama la ligi. Kwenye ligi pointi zinatosha kusema kila kitu, kwa kuwa wote wamepita kwa wapinzani wale wale. Kwenye mfumo wa Uswisi watu wawili wenye pointi sawa wanaweza kuwa wamepita njia mbili tofauti kabisa.

Tuseme kuna mchezaji wa Wete na mwingine wa Makunduchi, wote wamemaliza na pointi 6 kati ya 9. Wa Wete alishinda minne ya mwanzo, akapandishwa meza za juu, akabaki huko akipigana na wakubwa mpaka mwisho. Wa Makunduchi alipoteza miwili ya kwanza, akashushwa, akaanza kuokota pointi huko chini, na akawakaribia wakubwa raundi ya mwisho tu. Pointi ni zile zile. Kazi si ile ile.

Kwa kuwa hakuna tofauti ya mabao, inatafutwa njia nyingine ya kuwatenganisha. Inayotumika sana inaitwa Buchholz, kwa jina la Mjerumani aliyeibuni miaka ya 1930: unachukua pointi walizomaliza nazo wapinzani wako wote, unazijumlisha. Wa Wete akipata jumla ya 48 na wa Makunduchi 39, wa Wete anakaa juu. Wapinzani wake walikuwa wazito zaidi, na uzito wao umepimwa kwa walichokifanya ukumbini humo humo. Vipo vigezo vingine, kama wastani wa viwango vya wapinzani. Mpangilio wa vigezo hutangazwa kabla raundi ya kwanza haijaanza, na ndivyo Wang Hao alivyowekwa juu ya Caruana kule Man. Hakupendelewa. Njia yake ilipimwa kwa mizani iliyokuwa mezani tangu mwanzo.

Binafsi naona kwa nafasi ya kwanza ni bora wachezeshwe michezo ya haraka ya kuamua, kama walivyokuwa wakifanya Gibraltar kwa miaka mingi. Buchholz ina udhaifu wake: mpinzani wako wa raundi ya pili akiugua na kujitoa, jumla yako inaweza kuathirika ingawa wewe hukufanya kosa. Kwa nafasi ya 14 au ya 30 inatosha. Kwa ubingwa, watu wanataka kuona.

Sare na tuhuma ya kupangana

Wengine wakiona sare nyingi wanasema mchezo umeuzwa. Mara nyingi si kweli: wachezaji wawili wazuri wakicheza bila makosa, sare ndiyo matokeo ya kawaida. Lakini tuhuma yenyewe haikuzuka hewani, na kisa chake kikubwa kilitokea kisiwani pia.

Mwaka 1962, Mei na Juni, wachezaji wanane walikutana Curaçao, kisiwa kidogo cha Karibi, kumtafuta atakayempinga bingwa wa dunia. Yalikuwa mashindano ya mtindo wa ligi, kila mmoja akutane na kila mwenzake mara nne. Wachezaji watatu wa Umoja wa Kisovieti, Tigran Petrosian, Paul Keres na Efim Geller, walikutana wao kwa wao mara 12, na mara zote 12 walitoka sare, nyingi zikiwa fupi fupi. Wao walikuwa wakipumzika siku ambazo wenzao walikuwa wakitoka jasho. Petrosian alishinda kwa pointi 17 na nusu, Keres na Geller wakafuatia na 17. Bobby Fischer wa Marekani, aliyekuwa na miaka 19, alimaliza wa nne na 14, akatangaza hadharani kwamba amefanyiwa njama. FIDE ikabadilisha utaratibu: hatua hiyo ikawa ya mtoano, mtu na mtu, kuanzia mzunguko uliofuata.

Angalia kilichowezesha jambo lile. Walikuwa wanane tu, na kila mmoja alijua tangu siku ya kwanza atakutana na nani, lini, mara ngapi. Kwenye mfumo wa Uswisi hujui mpinzani wako wa kesho mpaka matokeo ya leo yaingie, hamkutani zaidi ya mara moja, na nyuma yako kuna makumi ya watu wanaosubiri uteleze. Kupangana bado kunawezekana, hasa raundi ya mwisho, ndiyo maana siku hizi mashindano mengi yanakataza watu kukubaliana sare kabla ya hatua ya 30, yaani kabla kila mmoja hajacheza kete mara 30. Lakini njama ya watu watatu ya wiki nane haina mahali pa kusimama.

Kiwango cha Elo si cheti cha akili

Pembeni ya kila jina kwenye jedwali utaona namba kama 1640 au 2715. Ndicho kiwango cha Elo, kilichobuniwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Marekani aliyezaliwa Hungaria, na FIDE ikakikubali mwaka 1970. Wako wanaodhani hununuliwa, wako wanaodhani ni kipimo cha akili. Vyote si kweli. Ni makadirio ya nani atamshinda nani, yanayosahihishwa kila mnapocheza.

Mkiwa na kiwango sawa, hesabu inatarajia mgawane nusu kwa nusu. Mmoja akimzidi mwenzake kwa 200, anatarajiwa kuchukua karibu robo tatu ya pointi. Akimzidi kwa 400, zaidi ya 9 kati ya 10. Ukifanya vizuri kuliko ulivyotarajiwa unapanda, ukifanya vibaya unashuka. Kwa hiyo mtu wa 1500 akitoka sare na mtu wa 1900, alitarajiwa kupata takriban pointi 0.08 na amepata 0.5. Ziada hiyo ya 0.42 inazidishwa kwa 20, anapanda karibu 8, bila kushinda. Mpinzani wake anashuka. Kwa mchezaji mpya, au kijana wa chini ya miaka 18 ambaye hajafika 2300, ziada huzidishwa kwa 40, kwa sababu watoto hukua haraka na namba ikichelewa inawadhulumu. Kileleni kabisa ni 2882, alichofika Magnus Carlsen wa Norwei Mei 2014, na hajakivuka mtu.

Swali ni lile lile la juu: pointi zako umezitoa kwa nani? Ukiwapiga wadogo kila siku namba yako karibu haisogei.

Hapo ndipo wageni wanapokuwa na maana. Ugrandimasta, taji la juu kabisa ambalo FIDE humpa mchezaji, hautolewi kwa kufika kiwango cha 2500 peke yake. Kwa njia ya kawaida mchezaji anahitaji pia kufanya vizuri mno kwenye mashindano kadhaa yenye jumla ya michezo isiyopungua 27, na kila mara awe amekutana na magrandimasta wasiopungua watatu na wapinzani kutoka mashirikisho mengine. Kijana wa Unguja mwenye kipaji hawezi kuyapata hayo barazani Jaws Corner, hata awe fundi kiasi gani. Ama apande ndege mara nyingi, ama waletwe kwake. Mtunisia Slim Bouaziz, grandimasta wa kwanza wa Afrika, alilipata taji lake mwaka 1993, na Mzambia Amon Simutowe mwaka 2009. Tatizo lilikuwa umbali wa wapinzani, si upungufu wa vichwa.

Dini, zawadi na saa za sala

Swali hili kwetu haliwezi kurukwa, na halifai kudharauliwa. Wanazuoni wamekhitalifiana tangu zamani kuhusu sataranji. Wengi wameikataza, na katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu visiwani, kauli mashuhuri ni kwamba ni makuruhu, ikigeuka haramu iwapo wachezaji wanawekeana dau au sala inapitwa. Hukumu yako mwulize sheikh wako. Mimi naweza kueleza tu mashindano yanavyoendeshwa, ili swali linapoulizwa liulizwe juu ya kitu halisi.

Ubaoni hakuna dadu wala karata. Zawadi kwenye mashindano makubwa hutolewa na wafadhili. Kule Man mfadhili alikuwa familia ya Scheinberg. Kwenye mashindano ya wazi, ada za kujiandikisha nazo huingia kwenye mfuko, na hapo ndipo wanaouliza kuhusu dau wana hoja. Wapo waandaaji wanaoweza kutenganisha: ada zilipie ukumbi na waamuzi, zawadi zitoke kwa mfadhili. Kisiwani kwetu ningependa iandikwe wazi hivyo kwenye tangazo.

Kuhusu sala, ni suala la ratiba. Muda wa kawaida wa kila mchezaji ni dakika 90 kwa hatua 40 za mwanzo, kisha dakika 30, na sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua. Mchezo wa hatua 60, ambao ni mrefu, unaisha ndani ya saa 5. Raundi ikianza saa tatu asubuhi, wa mwisho ukumbini anatoka saa nane mchana, Adhuhuri ingali ndani ya wakati. Ikianza saa nane mchana, Alasiri inawakuta watu katikati ya vita, saa inakimbia, na mchezaji hawezi kutoka nje ya jengo bila ruhusa ya mwamuzi. Waandaaji wakilifikiria hili mapema, hakuna anayewekwa njia panda.

Na ukimya ule unaowashangaza wenye kuzoea bao? Kwenye bao watazamaji ni sehemu ya mchezo: watacheka, watashauri, watampigia kelele aliyekosea. Kwenye sataranji ya mashindano mtazamaji akisema neno moja anatolewa, kete ukiigusa kwa nia ya kuicheza lazima uicheze, na simu ikikutwa mwilini mwa mchezaji mchezo umeisha, ameshindwa. Sababu ni kwamba programu ya sataranji kwenye simu yoyote leo inamshinda bingwa wa dunia.

Kisiwa kidogo kinaweza?

Man ina takriban kilomita za mraba 570 na watu wapatao 84,000. Pemba peke yake ni kubwa kuliko hiyo, na sensa ya 2022 ilihesabu Wazanzibari 1,889,773. Guernsey, kisiwa kisichofika kilomita za mraba 70 na ambacho si dola, kina tamasha lake la kimataifa la sataranji na ni mwanachama kamili wa FIDE, kama ilivyo jirani yake Jersey. Kwa watu waliopokewa na shirikisho la soka la Afrika, CAF, Machi 2017 kisha wakaondolewa Julai mwaka huo huo, habari hiyo inachoma kidogo. Lakini kuandaa hakuhitaji uanachama wa peke yetu. Kunahitaji shirikisho la taifa kuandikisha mashindano, ukumbi wenye mwanga na hewa, meza, saa, waamuzi na vyumba vya kulala.

Vyumba tunavyo. Aprili na Mei, masika ikikolea, hoteli nyingi za pwani hupunguza bei na nyingine hufunga kabisa. Sataranji huchezwa ndani, mvua haiikatishi. Man nao waliwaita wachezaji Oktoba, baridi ikianza na watalii wakipungua. Ni wakati ambao mpishi na mhudumu wa hoteli ya Nungwi huwa nyumbani bila mshahara, na wageni mia wa siku kumi wangemrudisha kazini.

Kwa kijana wa hapa anayetaka kuanza, mlango uko chini kuliko anavyodhani. Kupata kiwango cha kwanza kunahitaji michezo 5 dhidi ya watu wenye viwango, na matokeo yanayofikia angalau 1400. Mashindano ya raundi 9 nyumbani yanaweza kumpa wapinzani hao ndani ya wiki mbili, hata akipoteza michezo mingi, kwa kuwa mfumo hautamtoa. Orodha mpya ya viwango hutoka tarehe mosi ya kila mwezi.